Vipande Kumi

Jumatano saa nane mchana fundi wa maabara aliingia mwenyewe kwenye chumba cha kunolea visu, na Mama Makali akajua papo hapo kwamba kuna jambo. Siku zote kisu cha maabara kililetwa na tarishi na kikachukuliwa na tarishi. Fundi huyu, ambaye hospitali nzima ilimwita Miwani kwa sababu ya vioo vizito vilivyomkalia puani, alikuwa mtu wa kuinamia hadubini kutwa. Kumwona barabarani mchana ilikuwa kama kumwona popo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani kafa?"

Ndivyo alivyokuwa. Jina la Makali halikutokana na visu peke yake, na wateja wake walikuwa wakionyana: mkasi peleka, masikio acha nyumbani. Lakini siku hiyo Miwani hakutabasamu. Aliweka mezani kisanduku chembamba, akakifungua, akatoa vioo sita, kila kimoja kimebeba kitu kidogo cheupe mithili ya utando wa kitunguu.

"Nimekata sita," alisema. "Vyote vimepasuka."

Mama Makali hakuuliza ni vya nani. Vilikuwa vyake, vimetoka mgongoni mwake.

Kazi ya kunoa aliirithi kwa baba yake, pamoja na vinoo vitatu na kiburi chake chote. Miaka thelathini alikaa nyuma ya meza ile ile akinoa mikasi ya mafundi cherehani, nyembe za vinyozi, visu vya bucha na vyombo vya hospitali. Kisha, miaka miwili na nusu iliyopita, kukaa kwenyewe kukaanza kumuuma. Alimlaumu mumewe. Mume alikuwa fundi viti, mtu mpole aliyeitwa Mzee Taratibu kwa kuwa hakuwahi kufanya jambo lolote kwa haraka, hata kuoa. Kwa upole wake aliipokea lawama, akamtengenezea kiti kipya. Kikauma. Akatengeneza kingine chenye sponji, kingine chenye tundu nyuma, kingine cha kuegemea. Viti vitano baadaye ndipo picha za hospitali zilipoonyesha kwamba viti havina kosa. Kulikuwa na uvimbe kwenye kifandugu, ule mfupa wa mwisho kabisa wa uti wa mgongo, na uvimbe huo ulikuwa saratani.

Tena si saratani hizi ambazo kila mtaa una mtu wake. Daktari alisema katika miaka ishirini ya kazi ameikuta mara mbili, na Mama Makali ndiye wa pili.

"Na wa kwanza?" aliuliza yeye.

Daktari akageukia makaratasi yake.

Jina la ugonjwa lilikuwa refu na hakujisumbua kulikariri. Aliuita mgeni asiyeaga. Walimpasua wakautoa, na baada ya miezi kumi na minne ukarudi pale pale. Ubaya wa ugonjwa adimu ni huo, hata wa kuutengenezea dawa hapatikani. Dawa za saratani zilizozoeleka hazikuutikisa. Mionzi yenye nguvu ya kuumaliza ingeunguza na utumbo ulio mbele yake. Upasuaji wa pili ungekata mishipa ya fahamu ya miguu na ya kibofu, na bado daktari asingethubutu kuapa kwamba umekwisha. Kilichobaki ni dawa mpya iliyokuwa ikijaribiwa katika hospitali moja ya nchi ya mbali, na watu wale hawakumpokea kila anayebisha hodi. Walitaka kwanza wapime kama uvimbe una alama fulani. Ikiwepo, unapewa dawa. Isipokuwepo, kwaheri. Na ili wapime walitaka vipande kumi, vyembamba, vizima, vimelazwa juu ya vioo. Sanduku la sampuli lingeondoka Alhamisi saa kumi jioni, yaani kesho yake, na baada ya hapo orodha ingefungwa.

Nyama ya kukata ilikuwa moja tu, imezamishwa kwenye kitofali cha nta tangu siku ya upasuaji. Vitofali vingine vilipelekwa nje kuthibitisha jina la ugonjwa, havikurudi. Kumchoma sindano ili wapate nyama nyingine daktari alikataa katakata, maana sindano ingeweza kuusambaza ugonjwa kila inapopita. Kwa hiyo kipande kilichopasuka kilikuwa kimekwenda, na hakuna duka linalouza kingine.

"Kimebaki kiasi gani?"

"Unene wa unywele, mama. Nikibahatika vitatoka kumi na vitano. Nisipobahatika..." Hakumalizia.

Mama Makali alichukua kioo cha kwanza akakielekeza dirishani. Kipande kilikuwa kimechanika kwa mstari mmoja mnyoofu, upande wa kushoto. Akachukua cha pili. Mstari mnyoofu, upande wa kushoto. Cha tatu alikitupia jicho tu akakirudisha.

"Ni mkono wangu," Miwani alikuwa akisema. "Mfupa ni mgumu, nami niliharakisha. Nimeshamwambia daktari kwamba nimeharibu. Leo nitakiloweka kitofali kwenye asidi ya kulainisha mfupa, kilale humo, kesho nijaribu tena. Shida ni kwamba asidi inaweza kuifuta hiyo alama wanayoitafuta. Lakini nifanyeje?"

Mkono hauchani hivyo. Mkono ukikosea huchana huku na huku, leo juu kesho chini. Mstari mnyoofu, mahali pamoja, kioo baada ya kioo, hilo ni pengo kwenye kisu. Na kisu kile alikinoa yeye.

Maabara nyingi siku hizi hutumia nyembe za kutupa, na hata ile ya Miwani ilizitumia zilipokuwepo. Tangu mwaka uanze hazikuwepo, hivyo alirudia kisu cha zamani, kizito, cha chuma, kinachotaka kunolewa kila baada ya wiki chache. Mama Makali alikuwa na utaratibu wake aliouachiwa na baba. Kisu kikitoka kwenye kinoo na kwenye mkanda wa ngozi, alifunga uzi mwekundu mpinini, fundo moja, maana yake kazi imekwisha. Kisha alikipitisha chini ya kioo cha kukuzia, tangu mpinini hadi nchani, akitafuta ule wembamba wa chuma unaobaki umejikunja ukingoni, ambao baadaye hukatika ukaacha pengo. Akiona ni safi ndipo alifunga fundo la pili. Miwani akiona mafundo mawili hakujaribu kisu kwenye nta tupu. Alikata moja kwa moja. Miaka tisa, kila nyembe zilipokosekana, walikuwa wakiaminiana kwa uzi.

Wiki tatu nyuma kisu kililetwa siku ambayo mgeni asiyeaga aliamka vibaya. Alikinoa amejikunja, akafunga fundo la kwanza. Tarishi alikuwa mlangoni anatazama saa yake, na kuinamia kioo cha kukuzia siku hiyo ilikuwa sawa na kukalia msumari. Akafunga la pili bila kuangalia. Mara moja tu, katika miaka thelathini.

Angeweza kunyamaza. Angesema kisu nakiona kimechoka, kilete nikipitishe tena, na Miwani angeshukuru. Hata la asidi angelizungushia maneno, maneno hayakuwahi kumpungukia. Tena aliogopa, na aliogopa hasa: fundi akijua ukweli, huenda asimruhusu kukigusa kisu kile tena, na bila kisu hakuna vipande, na bila vipande hakuna dawa. Lakini mtu mzima alikuwa amesimama mbele yake akijilaumu kwa kosa lisilo lake.

"Miwani, usiloweke kitu. Mkono wako hauna kosa. Kisu kina pengo, vidole viwili kutoka mpinini. Nimeliacha mimi."

"Kisu kilikuwa na mafundo mawili."

"Kilikuwa nayo."

"Sasa?"

"La pili nililifunga bila kuangalia."

Miwani alivua miwani yake, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa, akaivua tena. "Mama," alisema taratibu, "kisu hicho nimekatia nyama za watu kumi na saba."

"Na wao je?"

"Nyama yao laini. Mstari unaonekana kidogo, ila inasomeka. Nilidhani ni mashine. Mwenye mfupa ni wewe." Akamtazama. "Yaani umejikata mwenyewe."

"Msiba wa kujitakia hauna kilio. Niletee kisu nikinoe upya."

"Nikuletee? Nikuamini kwa uzi upi?"

Mama Makali alimsogezea kisanduku chake.

Miwani alikusanya vioo vyake kimoja kimoja. Mlangoni akasimama. "Sina kisu kingine," alisema bila kugeuka. "Nyembe mpya zinakuja wiki ijayo, na hiyo wiki ijayo yao ni ile ile tangu mwezi wa kwanza. Nitamtuma tarishi jioni. Kesho saa saba na nusu mchana kiwe mezani kwangu. Na uzi usifunge. Nitaangalia mwenyewe."

Alhamisi asubuhi Mama Makali hakumeza vidonge vyake vya maumivu. Vidonge vilituliza mgongo, lakini vilizubaisha na vidole, na vidole alivihitaji.

"Utaweza?" mumewe aliuliza. Siku hiyo hakufungua karakana yake.

"Nisipoweza utaniona."

Kiti hakukitaka, hata kile chenye tundu. Aliweka mto sakafuni, akapiga magoti mbele ya meza. Akaanza na kinoo cha kukwangua, kikala chuma chote cha ukingo mpaka pengo likaisha, na hiyo peke yake ikachukua saa nzima. Kisha kinoo cha kati. Kisha kinoo laini cha baba yake, kilichobonyea katikati kwa miaka. Jasho jembamba lilimtiririka. Kila alipousogeza mkono mbele, kitu kama moto kilipanda kutoka kifanduguni hadi begani, na kila aliporudisha kilishuka.

Saa nne na nusu alifika kwenye mkanda wa ngozi. Hapa sheria ya baba ilikuwa mara mia kila upande, bila kubonyeza, bila kupunguza. Alipofika arobaini alilazimika kushika ukingo wa meza.

"Nipe mimi," mume alisema.

"Wewe umezoea randa. Hiki si ubao." Akavuta pumzi. "Nishike kiuno. Uzito wangu uubebe wewe. Na uhesabu, maana mimi nikihesabu nitadanganya."

Mzee Taratibu alipiga magoti nyuma yake, akamkumbatia kiunoni, akamnyanyua kidogo, na maumivu yakapungua kwa kiasi cha kuvumilika. Walikuwa na miaka ishirini na sita ya ndoa na hawakuwahi kushikana hivyo mchana, mlango ukiwa wazi. Mwenye bucha aliyekuja kufuata visu vyake alichungulia, akaona, akarudi alikotoka bila salamu.

"Sitini na nane," mume alihesabu, kwa ule mwendo wake wa konokono. "Sitini na tisa. Sabini. Sabini..." Akanyamaza. "Mke wangu, samahani. Nilimtazama yule wa bucha. Ni sabini na moja au sabini na mbili?"

Siku nyingine angemtukana mpaka ukoo. Siku nyingine pia angesema haidhuru, moja si kitu. Saa ya ukutani ilionyesha saa tano na dakika kumi. Alifumba macho, akameza alichotaka kusema.

"Anza moja," alisema.

Saa sita na robo upande wa pili ulikamilika. Mume akamsaidia kusimama. Aliinamia kioo cha kukuzia huku mikono ya mume ikiwa bado kiunoni, akakipitisha kisu polepole tangu mpinini. Safi. Safi. Katikati, safi. Karibu na ncha akaona kitu kinang'aa, kidogo kuliko vumbi. Chuma kilichojikunja.

Machozi yalimtoka, ya hasira, akayaacha yadondoke. Akarudi magotini. Mara mia tena kila upande, mara hii mume akihesabu macho kayafumba. Aliporudi kwenye kioo cha kukuzia aliangalia mara tatu, kwenda, kurudi, na kwenda tena. Hakufunga uzi.

Maabara kulikuwa na baridi na harufu ya nta. Miwani alikipokea kisu, akakiweka chini ya hadubini yake, na akakaa hapo muda mrefu kiasi kwamba Mzee Taratibu, hata yeye, alianza kuhangaika. Hatimaye fundi aliinua kichwa. Alikifunga kisu kwenye mashine ya kukatia, akajaribu kwanza kwenye kitofali cha nta tupu, akazungusha mpini wa mashine. Utepe mwembamba ukatoka, mzima, hauna mstari.

"Mama, utakaa nje?"

"Sikai. Unajua sikai."

Alisimama ameegemea ukuta. Ilikuwa saa nane. Miwani alitoa kitofali chenye nyama kwenye barafu, akakifunga, akakisogeza hadi kikakaribia makali. Mzunguko wa kwanza ulitoa nusu kipande, kimekaa upande.

"Hicho cha kusawazisha uso," alisema. Cha pili nacho kikawa nusu. Mama Makali alitaka kupiga kelele, acha, unaimaliza nyama. Alijiuma mdomo.

Cha tatu kilitoka kizima. Miwani alikidaka kwa brashi, akakilaza juu ya maji ya vuguvugu, kikajinyoosha, akakipandisha kwenye kioo. Akakielekeza kwenye taa. Hakuna mstari.

"Kimoja," alisema Mzee Taratibu, ambaye hakuna aliyemwomba ahesabu.

Viwili. Vitatu. Vinne. Mashine ilikuwa ikitoa mlio mmoja tu, mkavu, kila nyama ilipopita kwenye chuma. Cha tano kilijikunja kabla brashi haijakifikia, kikashikamana na chenyewe, kikawa takataka. Kilichofuata ndicho kikawa cha tano. Sita. Saba. Doa la nyama ndani ya nta lilikuwa limeanza kusinyaa, sasa ni kama punje ya mchele. Saa tisa kasoro robo. Vinane. Miwani alisimama akarudisha kitofali kwenye barafu, akajifuta viganja kwenye koti, akangoja dakika tano nzima zilizokuwa ndefu kuliko ugonjwa wote. Tisa.

"Kimebaki kimoja," alisema. "Labda."

"Usiharakishe."

"Siharakishi, mama."

Alizungusha mpini wa mashine polepole kuliko mara zote. Mlio ukasikika, mfupi. Kipande kikatoka, kidogo, kizima, kikaelea majini. Miwani alizungusha tena, ikatoka nta tupu. Akakilaza kile cha kumi kwenye kioo.

"Kumi," alisema Mzee Taratibu.

Sanduku lilifungwa saa tisa na dakika arobaini. Mama Makali alimeza vidonge viwili hapo hapo kwa maji ya bomba la maabara. Miwani alimsindikiza mpaka kwenye ngazi, na wakati wa kuagana akamwambia kwamba kuanzia sasa kila kisu atakijaribu kwanza kwenye nta, hata kiwe na mafundo kumi. Alisema hivyo akiangalia chini. Mama Makali akamjibu kwamba ndivyo alivyopaswa kufanya tangu zamani, na kisha, kwa sauti ambayo mumewe hakuisikia mara nyingi, akamwomba msamaha.

Majibu yalikuja baada ya siku ishirini na mbili. Kwa siku hizo zote alikuwa mgumu kuishi naye. Alimgombeza fundi cherehani kwa kukata waya kwa mkasi wa kitambaa, akamgombeza mume kwa kutafuna. Usingizini alikuwa akihesabu. Maumivu yalikuwa yameanza kumfuata mpaka mguu wa kushoto, na hakumwambia mtu, maana aliona kama akilisema, litasikika kule kwenye hospitali ya mbali wakamfuta.

Daktari aliwaketisha wote wawili, kisha akakumbuka, akamwambia Mama Makali anaweza kusimama. Alikuwa na karatasi moja tu. Karatasi moja si dalili njema, Mama Makali alijua hilo kabla daktari hajafungua mdomo.

"Vipande vimefika vizima, vyote kumi," daktari alisema. "Wamepima mara mbili. Alama waliyoitafuta haipo. Pole sana, mama. Dawa ile hawawezi kukupa."

Nje dirishani mtu alikuwa akifagia uwanja.

Mzee Taratibu alikohoa. Alichukua muda wake, kama kawaida, kulipanga neno. "Daktari," alisema, "hawa watu hawawezi kuwa wamekosea? Ile nyama ilikuwa ya mwisho mwisho. Imekatwa na kisu cha zamani, si nyembe zao za kisasa. Labda vipande havikuwa vizuri, ndiyo maana hawakuiona. Labda wakipewa vingine..."

Hakukuwa na vingine, na alijua. Alimgeukia mkewe amsaidie, macho yamejaa, akimwomba aseme ndiyo, kisu kilikuwa kibaya. Na Mama Makali alitamani kusema. Alitamani kwa roho yake yote.

"Hapana, mume wangu," alisema. "Kisu kilikuwa safi. Niliangalia."